Mashindano ya papa Montauk: mwongozo kwa mabaharia wanaoingia mara ya kwanza

Montauk iko kwenye ncha ya mashariki ya Long Island, jimbo la New York, na kila kiangazi bandari yake hujaa boti za wavuvi wa papa. Mashindano ya namna hii yapo pia New Jersey, Maryland na Massachusetts, na taratibu zake zinafanana. Nawaandikia Waswahili wenzangu tunaoishi pwani hii ya Atlantiki. Wengi wetu tulishika mshipi tangu utotoni, Lamu, Tanga au Pemba, lakini hatujawahi kupanda boti ya mashindano. Ujuzi wa nyumbani unasaidia sana, ila peke yake hautoshi: hapa kuna sheria za shirikisho (yaani serikali kuu ya Marekani), kanuni za kamati, na papa ambao hairuhusiwi kabisa kuwaleta gatini.

Jambo ninaloliamini kuliko yote ni hili. Ushindi unatokana na sitaha iliyopangika na jicho linalomtambua papa kabla mkono haujashika kulabu. Nguvu za mikono zinafuata nyuma.

Hatua ya 1: Someni kanuni kabla ya kulipa ada

Mashindano yako ya aina mbili. Kuna ya mizani, ambapo papa mzito kuliko wote ndiye anayetoa mshindi, na kuna ya kuachia, ambapo kila papa aliyeletwa ubavuni na kuachiwa akiwa hai ana pointi zake kulingana na aina yake. Mengi huchanganya yote mawili.

Zamani mfalme wa mizani alikuwa papa aitwaye mako. Tangu Julai 2022 hairuhusiwi kubaki na mako yeyote katika maji ya shirikisho ya Atlantiki, baada ya nchi zinazovua bahari hiyo kukubaliana kwamba idadi yake imeshuka mno. Unaweza kumvua na kumwachia, basi. Kwa hiyo siku hizi anayepandishwa mizani Montauk mara nyingi ni papa mkia-mrefu, yule ambaye mkia wake unakaribia kuwa sawa na mwili wake mzima. Kwa kikosi kipya ushauri wangu ni mmoja: ingieni kwenye kundi la kuachia. Mtajifunza mengi zaidi kwa siku moja, maana kila papa anayekuja anahesabika, na hamtarudi bandarini na samaki ambaye kumbe hakufika kipimo.

Mkisoma kanuni, tafuteni mambo haya: saa ya kutupa mishipi na saa ya kuitoa, mpaka wa eneo, saa ya mwisho ya kufika kwenye mizani, urefu wa chini kabisa wa papa wa kupimwa (kamati nyingi huweka kipimo kikubwa kuliko cha sheria), na ushahidi unaotakiwa kwa papa aliyeachiwa. Angalieni pia kama kamati inafuata kanuni za IGFA, shirikisho la kimataifa la uvuvi wa burudani lililoanzishwa 1939. Kwa kanuni hizo, mvuvi aliyeshika ufito anapigana na samaki peke yake mpaka mwisho. Mwenzake akigusa ufito, rili au mshipi, hata kwa nia njema ya kumshika asianguke, samaki huyo hahesabiki.

Kando ya ada ya kuingia kuna mifuko ya dau. Boti inaweka fedha, na atakayeongoza kwenye kundi fulani anachukua mfuko. Hiyo ni hiari. Kwa wengi wetu hiyo ni kamari, na mnaweza kushindana na kuchukua tuzo kuu bila kuweka senti kwenye mfuko wowote. Lizungumzeni mkiwa bado nyumbani, na mgao wa zawadi uandikwe kwenye karatasi na kila mmoja atie sahihi. Urafiki wa miaka umewahi kuvunjika gatini kwa sababu ya hundi ambayo hakuna aliyetegemea kuiona.

Hatua ya 2: Kibali

Kibali ni cha boti, si cha mtu. Mwenye boti anachukua kibali cha shirikisho cha kuvua samaki wanaohama mbali, kinachotolewa kupitia mtandao na NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa, na anaongeza idhini ya papa. Idhini hiyo ilianza 2018: unatazama video fupi ya kutambua papa na kuwaachia salama, kisha unajibu maswali. Nashauri kikosi kizima kiitazame video hiyo, si nahodha peke yake. Jimbo nalo lina usajili wake wa wavuvi wa maji chumvi, na kila mmoja aufanye mapema. Ukipanda boti ya kukodi yenye nahodha wa kulipwa, karatasi zote ni juu yake, lakini si vibaya kuomba kuziona.

Hatua ya 3: Gaweni kazi, kila mtu na nafasi yake

Boti ya futi 30 hadi 35 inatoshwa na watu watano. Wakizidi sita, miguu inagongana.

Nahodha hatoki kwenye usukani samaki akiwa kwenye mshipi. Hata kama ndiye mvuvi hodari kuliko wote, kazi yake ni kuiweka boti mahali ambapo papa yuko upande wa mshipi na si chini ya rafadha.

Mvuvi ni mmoja kwa kila samaki. Pangeni zamu kabla ya kutoka: wa kwanza fulani, wa pili fulani. Papa akiuma halafu watu watatu waurukie ufito mmoja, dakika ile ya kwanza inapotea, na ndiyo dakika ya thamani.

Mshika waya ndiye ninayempima kwa makini kuliko wengine. Papa akifika karibu, yeye ndiye anaukamata waya kwa mikono na kumleta ubavuni. Anavaa glavu nene, anaukunja waya kiganjani mara moja au mbili kwa namna inayofunguka papo hapo akiachia, na kamwe haufungi mkononi. Papa wa kilo 150 akipiga mbizi huku waya umeng'ang'ania mkono, atakwenda na mtu. Mpeni kazi hii mtulivu, si mwenye misuli.

Mtu wa nne ni wa zana: kulabu, kijiti cha kuchomolea ndoana, koleo la kukatia chuma, alama za utafiti za kumwekea papa kabla ya kumwachia. Wa tano ni wa chambo cha kusaga, na papa akiuma anakuwa mpiga video na mtunza saa.

Kubalianeni maneno. Sitaha yenye Mswahili, Mmarekani na Mreno inahitaji maneno machache ambayo wote wanayajua, na yanatamkwa kwa sauti kubwa: ameuma, mbele, simama, kata. Neno "kata" likitamkwa na yeyote, waya unakatwa bila mjadala.

Hatua ya 4: Zana

Chukueni fito nne au tano fupi na imara, rili zenye mshipi wa pauni 50 hadi 80, na uzi wa kutosha, kuanzia mita 500. Mfungeni mvuvi mkanda wa kiunoni wenye tundu la kuegemeza kitako cha ufito, na mwingine wa mabegani wa kumpumzishia mikono.

Ndoana lazima ziwe za duara, zisizopindishwa pembeni, na zisiwe za chuma kisichoshika kutu. Hii ni sheria kwa wote wanaovua papa kwa chambo katika maji ya shirikisho. Sababu yake ni nzuri: ndoana ya duara hushika pembe ya mdomo badala ya kuzama tumboni, na ikibaki mdomoni mwa papa aliyeachiwa, kutu huila taratibu.

Ngozi ya papa inakwaruza kama msasa, na meno yake yanajulikana. Kwa hiyo karibu na ndoana wekeni waya wa chuma kama mita 2, kisha uzi mnene wa nailoni, halafu kiungo kinachozunguka, ndipo mshipi wenyewe. Kwa mshipi mzito namna hii IGFA inaruhusu waya na uzi wake kufika mita 9.14, na kulabu yenye mpini wa mita 2.44 kwa urefu wote. Pimeni kwa futi ya fundi, msikisie.

Kazeni breki ya rili kwa mizani ndogo ya mkono mkiwa bado gatini. Robo ya nguvu ya mshipi, au kuzidi kidogo, inatosha: mshipi wa pauni 50 uanze kutoka ukivutwa kwa pauni 12 hadi 15. Wekeni alama ya kalamu kwenye rili mahali hapo ili mtu asipapase wakati wa joto la vita.

Usalama sitaurefusha, lakini usipuuzwe. Kila mtu awe na boya la kuvaa, na boti iwe na redio ya VHF yenye chaneli 16, kifaa cha dharura cha kutuma ishara kwa setilaiti, na dawa za kuzuia damu kutoka. Mwacheni mtu nchi kavu mwenye karatasi inayosema mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Hatua ya 5: Chambo, cha kumwaga na cha ndoana

Kuna vitu viwili hapa. Cha kwanza ni chambo cha kusaga: samaki wa mafuta, kama bangala au menhaden, waliosagwa na kugandishwa ndani ya ndoo za galoni 5. Ndoo inatobolewa matundu, inafungwa ubavuni na kuachwa iyeyuke polepole majini. Mafuta na vipande vinatandaa juu ya maji, na harufu inaenda na mkondo maili kadhaa. Papa akikutana nayo anaifuata mpaka kwenye chanzo. Ndoo moja iliyoganda vizuri hukaa saa mbili hadi tatu, basi chukueni nne au tano.

Cha pili ni cha kwenye ndoana: bangala mzima, mnofu wa samaki wa buluu aliyevuliwa karibuni, au ngisi. Kitu kibichi kilichovuliwa siku hiyo hiyo kinashinda chochote kilicholala kwenye friza. Boti nyingi hutupa ndoana ndogo chini ya boti wakati wa kusubiri ili kupata chambo kibichi. Ndoana ya duara isizikwe ndani ya nyama. Ncha yake ibaki wazi, la sivyo haitazunguka na kushika.

Hatua ya 6: Kuchagua mahali

Hapa ndipo wakaazi wa Montauk wanatuzidi, maana wana majina ya kila bonde la chini ya bahari. Butterfish Hole na Coxes Ledge utayasikia kwenye kila mazungumzo. Lakini papa hafuati jina, anafuata joto na chakula. Siku mbili kabla, tazameni picha za setilaiti za joto la maji na mtafute mstari ambapo maji ya baridi yanakutana na ya vuguvugu. Papa mkia-mrefu na mako huonekana zaidi kwenye maji ya nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi. Papa wa buluu anavumilia baridi zaidi, na mwezi Juni ndiye mtakayemwona mara nyingi.

Mstari huo ukipita juu ya mteremko, tuseme kutoka pima 20 kwenda pima 30, na ndege wako juu yake na vijisamaki vinarukaruka, hapo ndipo pa kuanzia. Usiende maili 50 kwa sababu tu boti kubwa zimekwenda. Kila saa ya injini ni saa isiyo na mshipi majini.

Tazameni pia maboya ya hali ya hewa. Boya namba 44017, kusini-magharibi mwa Montauk, linatoa urefu wa mawimbi, upepo na joto la maji wakati wote. Mwanzoni mwa kiangazi ukungu ni adui mkubwa kuliko upepo: hewa ya joto inapita juu ya maji baridi, na ghafla huoni omo ya boti yako mwenyewe. Boti inayoelea bila kusukumwa na injini inapiga honi mbili ndefu kila dakika mbili, na mtu mmoja hatoki kwenye rada. Kamati ikitangaza kuahirisha, shukuruni na mlale.

Hatua ya 7: Kutandika mishipi

Fikeni mapema, zimeni injini na muipime boti inavyoelea. Noti (maili ya bahari kwa saa) moja hadi moja na nusu ni mwendo mzuri. Ukizidi noti mbili, harufu inakuwa nyembamba na chambo kinapanda juu. Hapo tupeni nanga ya maji, lile turubai la umbo la mwavuli linalofungwa omoni kuizuia boti isikimbie.

Chambo cha kusaga kinaruhusiwa kuanza lini? Ulizeni, maana kamati zinatofautiana. Kikianza, kisikatike. Mtu wa chambo akisinzia dakika kumi, kunakuwa na pengo kwenye njia ya harufu, na papa aliyekuwa anakuja anaweza kufika kwenye pengo hilo na kugeuka.

Redio ikitangaza mishipi majini, tandikeni hivi. Mshipi wa kwanza uende mbali, mita 50 au 60 nyuma ya boti, na chambo kishuke mita 25 hadi 30 kwa chubwi. Wa pili uwe mita 30, na kina cha mita 15 hivi. Wa tatu uwe karibu, mita 10 hadi 15, na chambo kisishuke zaidi ya mita 6 au 8. Mpango huu unafuata namna chembe za chambo zinavyozama: kadiri zinavyokwenda mbali ndivyo zinavyokwenda chini. Wengine hutundika mshipi kwa puto. Nawasihi mtumie boya la povu la kurudia, kwa sababu puto likipasuka linaishia tumboni mwa kasa.

Wa nne usitupwe. Uwe tayari kwenye kishikio, una chambo, kwa ajili ya papa anayejitokeza moja kwa moja kwenye ndoo. Hilo hutokea mara nyingi kuliko mnavyodhani: mnakula mkate, mara kivuli cha buluu nzito kinapita chini ya ubavu bila papara, kinaigusa ndoo kwa pua, kinarudi. Hapo asipige mtu kelele wala kukanyaga sitaha kwa nguvu. Mshusheni chambo mbele ya pua yake.

Halafu ni kusubiri, na kusubiri nako ni kazi. Kila nusu saa chambo kimoja kinavutwa na kukaguliwa. Andikeni joto, kina, saa na mwelekeo wa boti.

Hatua ya 8: Ameuma

Boya linatikisika, linazama, rili inaanza kulia. Kosa la kila mtu aliyezoea ndoana ya kawaida ni kupiga ufito juu kwa nguvu. Ndoana ya duara haitaki hivyo. Mwacheni aondoke nacho sekunde chache, kisha sukuma breki taratibu mpaka kwenye alama mliyoiweka. Mshipi ukikaza wenyewe, ndoana inateleza hadi pembe ya mdomo na kushika.

Mishipi mingine itolewe yote, haraka, na nahodha aite kamati kwenye redio: jina la boti, saa, papa yuko kwenye mshipi. Saa hiyo ina maana, kwa sababu pointi zikilingana, aliyetangulia ndiye mshindi. Mkilazimika kumfuata papa na kanuni zinaruhusu, fungeni ndoo ya chambo kwenye boya lenye bendera na muiache ielee. Mkirudi mtaikuta njia ya harufu haijakatika.

Kila papa ana tabia yake. Mako anaruka juu ya maji, na anaweza kuruka akielekea boti, basi mtu asikae ukingoni. Papa wa buluu anakuja kama mzigo mpaka akaribie, ndipo anaanza kujiviringisha kwenye waya. Mkia-mrefu anapiga chambo kwa mkia kwanza ili kukiua, na mara nyingine ndoana inamshika mkiani. Huyo aliyeshikwa mkiani ni wa kuharakishwa kuliko wote: papa hawa hupumua kwa kuogelea mbele, na anayevutwa kinyumenyume anakosa hewa. Msivute vita muda mrefu kwa ajili ya picha. Zana nzito ziko pale ili papa afike ubavuni akiwa bado na nguvu.

Hatua ya 9: Ubavuni, tambua kwanza

Mshika waya amemleta. Kila mtu anataka kufanya kitu. Nahodha aseme: jina. Watu wawili wamtaje papa kwa jina, na wakitofautiana, anaachiwa.

Tazama kwanza mgongo. Ukiona mwinuko mwembamba wa ngozi unaokwenda kutoka pezi la kwanza la mgongo hadi la pili, karibu wote wenye alama hiyo wamekatazwa. Mwachie. Kisha tazama jicho na meno. Mako ana pua iliyochongoka na meno membamba yanayoonekana hata mdomo ukiwa umefungwa. Papa mweupe mchanga, ambaye amelindwa tangu 1997, anafanana naye sana kwa mtu mwenye haraka, na maji ya New York ndiko wanakokulia watoto wa papa weupe. Huyu ni mnene zaidi, meno yake ni pembetatu pana zenye kingo za msumeno. Kwa kuwa wote wawili wanaachiwa, ukiwachanganya hakuna hasara ila kwenye pointi. Hatari iko kwa mkia-mrefu: yuko wa macho makubwa mno, yanayofika juu ya kichwa, mwenye mfereji kila upande wa utosi. Huyo amekatazwa. Wa kawaida ana jicho dogo, na weupe wa tumbo unapanda juu ya kitako cha pezi la kifuani.

Papa wa kuachiwa hatolewi majini. Kumning'iniza kwa mkia kunaumiza viungo vya ndani ambavyo kawaida vinabebwa na maji. Nahodha aiweke boti kwenye mwendo mdogo kabisa wa mbele ili maji yapite mdomoni mwake. Mpiga video ahakikishe vitu vitatu vimeonekana: papa mzima, waya mkononi, na kadi au kitambaa cha rangi ambacho kamati iliwagawia manahodha kwenye kikao cha usiku wa kuamkia mashindano. Kadi ikisahaulika, hakuna pointi.

Hapo ndipo alama ya utafiti inapowekwa. Mpango wa NOAA wa kuweka alama papa, wenye makao Narragansett, Rhode Island, umekuwa ukitumia wavuvi wa kujitolea tangu 1962. Alama ni mshale mdogo wa chuma wenye kidonge cha plastiki, na ndani yake kuna maelezo ya kurudisha taarifa kwa lugha kadhaa, maana papa wa buluu waliowekewa alama pwani hii wamewahi kuvuliwa ng'ambo ya Atlantiki. Mshale unaingizwa kwenye msuli karibu na kitako cha pezi la kwanza la mgongo, kamwe si kichwani wala kwenye matamvua. Kazi kama hii inafanyika pia Watamu, Kenya, kwa sulisuli na nduwaro, na vijana wa huko wanaijua vizuri.

Ndoana ikionekana, ichomolewe kwa kijiti kirefu. Ikiwa ndani, kata waya karibu na mdomo iwezekanavyo na umwache. Mkono wa mtu usivuke ukingo wa boti.

Hatua ya 10: Mkiamua kumchukua

Sheria inaruhusu papa mmoja kwa boti kwa safari, na mkia-mrefu lazima afike inchi 54, yaani sentimita 137, kutoka ncha ya pua hadi kwenye panda ya mkia, kwa mstari ulionyooka, si kwa kufuata mviringo wa mwili. Mkia wenyewe hauhesabiwi. Mnyama wa zaidi ya mita mbili pamoja na mkia anaweza kuwa mfupi kwa kipimo hiki, kwa hiyo wekeni alama za rangi kwenye ubavu wa boti juu ya maji mkiwa gatini, mumpime papa akiwa bado ndani ya bahari. Kama yuko karibu na mpaka, mwachieni.

Mkishaamua, kulabu iingie mara moja, nyuma ya kichwa, kisha kamba ya mkiani. Mkia ule unaweza kumvunja mtu taya, basi kila mmoja asimame mbele ya pezi la kifuani mpaka kamba ikaze. Mkateni damu itoke, mtoeni matumbo, mjazeni barafu tumboni. Papa ana urea nyingi mwilini, na bila kutolewa damu na kupozwa mapema, nyama inanuka kama mkojo kabla ya jua kuzama. Kichwa, mkia na mapezi vibaki vimeshikamana na mwili hadi nchi kavu.

Hatua ya 11: Gatini

Anzeni kurudi mapema. Foleni ya kuingia mlango wa bandari ya Montauk jioni ya mashindano ni ndefu, na mizani ikifungwa imefungwa. Washindi wa mashindano yenye fedha nyingi huweza kupimwa kwa mashine ya kugundua uongo, kwa hiyo kila mtu aliyekuwa kwenye boti asimulie alichoona tu, na nahodha awe na daftari la saa.

Usiku huo huo jazeni kadi za alama za utafiti: tarehe, mahali, aina, jinsia, urefu wa kukadiria. Papa dume ana viungo viwili kama vidole virefu chini ya tumbo, jike hana. Bila kadi, namba iliyo mgongoni mwa papa haimsaidii mtafiti yeyote.

Nyama igawanywe kwa wote waliokuwa kwenye boti. Mkia-mrefu ni mtamu sana kwenye mchuzi wa nazi, na anayetaka kumtia chumvi na kumkausha kama ng'onda wa nyumbani akate vipande vyembamba, maana jua la hapa halina nguvu ya la Unguja. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasile: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inamweka papa kwenye kundi la samaki wa kuepukwa kwa sababu ya zebaki. Na msiuze hata kipande kimoja, kwa sababu kibali cha uvuvi wa burudani hakiruhusu.